Barua ya wazi kwa Mamlaka Husika: Naomba mpwa wangu asajiliwe kama shaba ya Kongo

Kwa Mamlaka Husika,
Popote ulipo.

YAH: MAOMBI YA KUVUSHA MTOTO KWENDA NG'AMBO YA BARABARA

Ndugu Mamlaka Husika,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nakuandikia wewe kwa sababu kila ninayemuuliza anakutaja wewe. Ofisi ya kwanza niliyoingia walisema suala la zebra liko kwa mamlaka husika. Ofisi ya pili, iliyo mlango wa pili kutoka ile ya kwanza, walisema mamlaka husika ni wale wa mlango wa kwanza. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikaona heri niandike hadharani. Huenda na wewe husoma magazeti yanayofungiwa maandazi.

Julai hii dada yangu alikuja likizo kutoka Coventry, Uingereza, na binti yake wa miaka mitano. Mtoto alikuwa hajawahi kuiona Mbeya. Kwake hili ni jiji la ugenini, lenye baridi kama ya kwao na kelele zisizo za kwao, na alitaka kuona kila kitu. Mwanangu wa miaka sita akajiteua kuwa mwongoza watalii. Tukaenda Kiwira kuona Daraja la Mungu. Tukaenda Mbozi kuona Kimondo, tani zake kama 12, kilichotoka mbinguni bila breki. Nikuambie ukweli, katika safari yetu nzima hicho ndicho kitu kizito pekee nilichomwachia mtoto akisogelee, maana ndicho pekee kilichotulia.

Kisha wakataka kwenda sokoni Mwanjelwa kununua ndizi. Nani angekataa?

Daladala ilitushusha upande usio na soko. Kati yetu na soko kulikuwa na barabara kuu, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, na juu yake michirizi ambayo mtu mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuitambua kuwa ni zebra. Mpwa wangu aliitambua. Kwao wanazo tangu 1951 na mtoto hufundishwa kuzitumia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akasimama ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, akanyoosha mkono wake mdogo wenye glavu, akaingia barabarani. Alifanya kila kitu sawasawa, Mamlaka Husika. Akipewa mtihani wa leseni leo hii anafaulu.

Semi ilikuwa inatoka upande wa Tunduma, imebeba shaba, zile sahani nyekundu zinazofungwa kwa mikanda ya chuma. Haikupunguza hata kidogo. Nilimdaka mtoto kwa kofia ya sweta, miguu yake ikaning'inia hewani kama kuku wa mnadani. Utingo akatoa kichwa dirishani akapiga kelele: "Mzee, funga mtoto wako!" Na watu waliokuwa kituoni, watu wema kabisa, wakanigeukia mimi. Baba gani huyu. Watoto hawatembezwi hivyo. Nikaomba radhi. Ndiyo, mimi ndiye niliyeomba radhi, kwa umati na kwa lori.

Mwanangu akamvuta mgeni wake pembeni akampa somo. "Dada, usiangalie zebra. Muangalie dereva machoni. Akikuona, rudi, maana akishakuona anaongeza mwendo."

Ana miaka sita. Sikumfundisha mimi.

Ndipo nikaiangalia ile shaba inavyoyoyoma kuelekea bandarini, nikaelewa kosa langu. Nimekuwa nikimtembeza mtoto bila makaratasi. Shaba haitembei hivyo. Shaba ikiingia Tunduma inapokewa katika kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja ili mzigo usichoke kusubiri. Inawekewa dhamana. Inafungwa lakiri ya kielektroniki inayoonekana kwenye kompyuta huko Dar es Salaam, na lori likiacha njia au likisimama mahali pasipoeleweka, mtu anashtuka na simu zinapigwa. Hivi mtu ameshawahi kushtuka na kupiga simu kwa sababu mtoto amesimama dakika ishirini ukingoni mwa barabara Mwanjelwa?

Kwa heshima na taadhima, basi, naomba mpwa wangu asajiliwe kama shaba ya Kongo.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeandaa utaratibu ili nisikusumbue. Upande usio na soko utangazwe kuwa mpaka wa kuingilia, na upande wa soko mpaka wa kutokea. Tukishuka daladala, wakala wa forodha atatupokea kwa tabasamu na faili. Mtoto atakaguliwa na kuelezwa: bidhaa moja, jinsia ya kike, sweta jekundu, imetengenezwa kwa ushirikiano wa Rungwe na Coventry. Lakiri ifungwe kwenye kifungo cha juu cha sweta, isimbane. Kisha apelekwe mizani. Uzito halali wa mwisho wa gari zito kabisa barabarani kwetu ni tani 56. Yeye ana kilo 16, kwa hiyo lori moja ni sawa na yeye mara 3,500, na sitarajii usumbufu. Ekseli anazo mbili, ya kushoto na ya kulia. Akirudi kutoka sokoni na kichane cha ndizi mkononi niko tayari apimwe upya, na kama ekseli ya kulia itazidi, ndizi moja ishushwe na kuliwa na afisa wa zamu, nami nitaomba risiti.

Baada ya hapo msafara uanze. Gari la mbele lenye taa, mtoto katikati, mimi nyuma na makaratasi. Magari ya IT, yale yanayopita tu kwenda nchi jirani, yaende taratibu nyuma yetu, yakijua kwamba mbele yao kuna mzigo mwenzao. Akifika ng'ambo, lakiri ikatwe mbele ya mashahidi wawili, kompyuta ya Dar es Salaam iandike kwamba mzigo umefika ukiwa kamili, na dhamana yangu irudishwe.

Kuna kipengele kimoja tu kilichonishinda katika fomu. Thamani ya mzigo. Nimekishikia kalamu mara tatu. Mwenye shaba anajua bei ya shaba kila asubuhi. Bei ya mtoto mmoja barabara hii tunaijua pia, kwa sababu imeshalipwa mara nyingi: ni matuta mawili. Mtoto akigongwa, wananchi wanaweka mawe na magogo barabarani, anakuja mkubwa, anaahidi, na baada ya wiki kadhaa tuta linamwagwa. Shuka barabara hii ukiwa na mzee wa mtaa, muulize tuta hili liliwekwa lini. Hatakutajia mwaka. Atakutajia mtoto. Tunapita juu ya majina yao tukilalamika kwamba gari linaumia chini, na siku ya pili taarifa inasoma chanzo kuwa uzembe wa mtembea kwa miguu. Uzembe! Mtembea kwa miguu mwenyewe alikuwa darasa la kwanza, kashika daftari!

Samahani. Kalamu imeteleza. Nilikuwa kwenye ndizi.

Sitaki uniambie kwamba jambo hili ni gumu, kwa sababu hapo hapo Dar es Salaam shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likiweka njia za miguu, matuta na alama kabla ya msiba, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kwanza ya WRI Ross ya miji, mbele ya dunia nzima. Udongo ule ule, saruji ile ile, madereva wale wale. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, yenye umri mkubwa kuliko mimi, imeshaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Tochi ya trafiki ya kupimia mwendo naijua inapokaa. Iko nje ya mji, chini ya mti wenye kivuli kizuri, ikiwalinda mbuzi.

Maombi yangu mengine ni madogo, uyapitie ukiwa na nafasi. Kule La Paz, Bolivia, tangu 2001 vijana huvaa mavazi ya punda milia na kuwavusha watu barabarani. Sisi tuna punda milia wa kweli kule Ruaha, naomba wawili wahamishiwe hapa Kabwe. Bodaboda wanaopita njia ya miguu wapewe ratiba ili na sisi tujue zamu yetu. Bajaji ziendelee kuegesha hapo hapo, tumeshazizoea, zina vivuli. Na kama rangi nyeupe ni tatizo la bajeti, chokaa ninayo, brashi ninayo, ninachokosa ni mtu wa kunihakikishia kwamba sitakamatwa kwa kuharibu miundombinu.

Upanuzi wa kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, njia nne, tunaushukuru sana. Ndaga fijo. Njia mbili nilikuwa nazivuka kwa kukimbia na mtoto mmoja kila kwapa. Kwa njia nne nimeanza mazoezi ya asubuhi.

Mgeni wetu ameshaondoka. Wiki iliyopita dada alinitumia sauti kutoka Coventry. Walikuwa wanakwenda shule, wakafika kwenye zebra yao, nyeupe pee, na taa zake za njano pembeni. Gari la upande huu likasimama. La upande ule likasimama. Nyuma yao mengine yakapanga foleni, hakuna aliyepiga honi. Mtoto amegoma. Ameshika nguzo ya taa kwa mikono miwili, anawatazama madereva machoni mmoja mmoja, anawapungia wapite. Dada akamwambia, mama, wamesimama kwa ajili yako, twende.

"Hapana, mama," akasema. "Wananitega."

Wako mtiifu,
Mjomba mtu,
Mwanjelwa, upande usio na soko.