Sifa za Amri Inayojikokota

Wenye haraka na wapite. Leo nasimama kuisifu CREATE TABLE ya MySQL, amri inayoombwa jedwali tupu, lisilo na hata mstari mmoja wa data, nayo ikajifikiria kama mzee aliyeletewa posa.

Nianze na uadilifu wake. Kwa kawaida InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, hulitengea kila jedwali faili lake, na haisemi “tayari” mpaka diski ikiri, tena zaidi ya mara moja, kwamba imeandika kweli. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde 8 na ushei kwa mzunguko mmoja tu. Zidisha hayo kwa mamia ya majedwali ambayo mtengeneza programu huyajenga na kuyabomoa kila anapofanya majaribio, uone likizo anayopewa bila kuandika barua ya kuiomba.

Wala haihongeki. Wajanja hushusha innodb_flush_log_at_trx_commit wakidhani imelainika. Kumbe mabadiliko ya muundo huandikwa diskini bila kujali mpangilio huo. Wachoyo wa starehe huhamishia data ya majaribio kwenye SSD au kwenye RAM, huzima binlogi (daftari la mabadiliko) ya mashine ya majaribio, na badala ya TRUNCATE, ambayo kwa InnoDB ni kubomoa jedwali na kulijenga upya, hufuta mistari yao michache kwa DELETE. Majaribio huisha chai ikiwa bado ya moto. (Binlogi ya seva ya malipo msiiguse, hata kwa utani.)

Lakini sifa yake kuu ni subira. Katika MySQL 8.0, unda jedwali la ankara lenye ufunguo unaoelekea kwenye jedwali la wateja, wakati kuna mtu amefungua muamala, akasoma wateja, kisha akaenda kula. Amri itasimama. Fungua SHOW PROCESSLIST utaikuta imeandikiwa “Waiting for table metadata lock”, na nyuma yake foleni ya maswali mapya yanayowataka wateja haohao. Mwenye kosa yumo kwenye orodha hiyohiyo, ameandikwa Sleep, mpole kabisa, hata humdhanii. Na itamngoja mpaka lini? Muda wa kawaida wa lock_wait_timeout ni sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Ni mchumba gani wa siku hizi anayengoja hivyo?

Asiyeweza kungoja huuliza sys.schema_table_lock_waits, humpata mshikaji wa kufuli, akampigia KILL. Ni ukatili, lakini foleni huyeyuka papo hapo.

Nawe msomaji, kama dirisha lako la kanzidata liko wazi tangu asubuhi, andika COMMIT kabla hujaenda kula.