Nyota Tano Kupitia Matundu ya Mabati

Wenye pesa wakikaribia likizo huanza kuuliza maswali ya ajabu. Wanakwenda Florence au Prague, na wanataka hoteli iliyo katikati ya mji mkongwe, yenye mandhari, isiyo na kelele, maji moto yasikatike na chai ya asubuhi iwe ndani ya bei. Nimesoma miongozo yao mpaka nikaona wivu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nimepanga Gatina, Kawangware, jijini Nairobi, nikahamia Lindi kule Kibera, na niliyokuwa nikiyatafuta ni hayo hayo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeniandikia mwongozo. Haya, chukua huu.

Kwanza neno lenyewe. Ukishuka kwenye matatu Kibera ukaulizia hoteli, utapelekwa mahali pa kula chapo na madondo. Pa kulala huitwa keja, nyumba, au singo, na pa usiku mmoja ni lojing'i, ambako mgeni wa heshima haulizi maswali mengi kuhusu shuka.

Anza na historia, maana mstaarabu halali popote tu. Kibera ina umri wa kutosha. Askari wa Kinubi waliotoka Sudan na kutumikia King's African Rifles waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, pakiwa bado msitu, na kwa lugha yao msitu ni kibra. Mwaka 1918 wakoloni walitenga eneo hilo, ekari 4,197, kuwa ardhi ya jeshi. Wajukuu wa askari hao walipewa hati miliki mwaka 2017, ya ekari 288. Kutoa 288 kwenye 4,197 ni hesabu ya darasa la tatu. Ukitaka kuifanya kwa miguu, zunguka estate zilizopakana na Kibera. Kawangware nayo jina lake latokana na kwale, ngware kwa Kikuyu. Kwale hawaonekani tena. Nadhani kodi iliwashinda.

Na kama ni Ulaya unayoitaka, tunayo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ule uliitwa Port Florence, na sisi Kibera tuna kijiji kinachoitwa Kisumu Ndogo. Kwa hiyo ukipanga hapo umelala Florence Ndogo, na tofauti ya nauli unaweka mfukoni. Tuna Fort Jesus bila Wareno, Soweto bila pasipoti, na Lindi yangu isiyo na korosho. Kawangware wana Congo, wana na Coast. Coast hiyo haina bahari, ila mvua ya Aprili hujitahidi.

Sasa ukague chumba, na ukikague siku ya mvua. Wageni wengi hulipuuza hili kwa sababu keateka hupenda kuonyesha nyumba Januari. Siku niliyokwenda Lindi jua lilikuwa la utosi. Chumba kilikuwa futi kumi kwa kumi, kuta za udongo zilizopigwa simiti upande wa mbele tu, kama mtu aliyevaa koti bila shati. Nikamuuliza mama aliyeshika ufunguo:

“Mathe, hii nyumba inavuja?”

“Haivuji, kijana wangu. Inavuja mvua ikinyesha tu.”

Nikaona huyu ni mkweli, nikalipa. Usiku wa kwanza nililala chali nikahesabu: nyota moja juu ya mlango, mbili juu ya kitanda, mbili juu ya jiko. Tano kamili. Huko Ulaya nyota huandikwa kwenye kibao cha nje na mteja hulazimika kuziamini. Mimi nilizihakiki nikiwa nimejifunika blanketi. Aprili ilipoingia, kila nyota niliitafutia sufuria yake.

Nikiwa bado kwenye paa, kuna jambo la kifahari sina budi kulitaja. Mwaka 2009 msanii wa Kifaransa ajulikanaye kama JR alifunika mapaa ya Kibera, eneo la mita za mraba kama 2,000, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapa hapa, zilizochapwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Roma watu hupanga foleni kuinua shingo wakitazama dari la kanisa la Sistine, na kwa uzuri wake wote dari lile halijawahi kumkinga mtu asilowe. Hapa picha zilionekana vizuri kutoka angani, na waliolala chini yake hawakuziona, ila walilala pakavu. Ukikuta nyumba yenye sanaa ya namna hiyo, lipa deposti siku hiyo hiyo.

Maji ya moto utayachemsha, kwa hiyo uliza kwanza ya baridi. Mtungi wa lita 20 huuzwa shilingi 5 mambo yakiwa mazuri. Mifereji ikikauka, bei hupanda kwa kadiri ya kiu yako. Hamsini ya mitungi hiyo ni mita moja ya ujazo, yaani shilingi 250, na huko Lavington, ukivuka barabara tu kutoka Kawangware, mwenye bomba la kuogeshea mbwa huilipa kampuni ya maji chini ya hapo. Usinung'unike. Unalipia ukaribu wa huduma: muuzaji anakujua kwa jina, na mkokoteni unakufikia mlangoni. Huo ndio utaratibu wa hoteli yetu nzima. Kodi ni ya kuta tu. Kuoga kuna bei yake, choo kina bei yake, kuchaji simu kuna bei yake, na ukijumlisha mwisho wa mwezi unagundua umelala pa ghali.

Choo kitafute kabla ya giza. Uliza kiko hatua ngapi, kinafungwa saa ngapi, na nani ana ufunguo. Kikifungwa saa nne usiku, ujue baada ya hapo ni safari za anga, haja ndani ya mfuko unaorushwa gizani, na tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, hata vyombo vya usafiri huo vimeadimika. Afadhali upange karibu na choo cha bayogesi. Yapo majengo Kibera ambayo chini ni vyoo na gesi itokayo humo huinjika sufuria za majirani, kwa ada ndogo. Nimewahi kunywa chai iliyochemshwa hivyo. Ilikuwa na tangawizi, na sikuwa na swali lolote.

Stima ni ya sambaza. Inatosha taa, redio na simu. Ukichomeka pasi, ploti nzima inaingia gizani na majirani wote wanajua shati lako lina mikunjo.

Kuhusu kelele, achana na ndoto. Hoteli za miji mikongwe huomba radhi kwa kengele za kanisa zinazolia kila saa. Sisi tuna adhana, kesha la Ijumaa lenye spika mbili zilizoelekezwa nje ili hata waliolala waokoke, makanga wa matatu ya 46 anayeita abiria kumi na mbili wakati gari limeshajaa, na gari moshi linalopita katikati ya soko, ambapo akina mama huondoa nyanya relini, treni inapita, na nyanya zinarudi palepale. Ukuta wa udongo nao hauna siri. Nilijua jirani yangu amefutwa kazi kabla mkewe hajajua.

Mandhari yapo ya kila aina. Kibera unaweza kuona uwanja wa gofu wenye nyasi zinazomwagiwa maji kuliko wewe. Utaona na Nairobi Dam, bwawa lililojengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji na sasa limekuwa shamba la magugu. Halafu watakuja watalii, maana huku nako hutembezwa watu kwa ada. Wataambiwa wako kwenye mtaa wa watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Hao wengine nafikiri huja wakati wa semina. Mtalii akichungulia mlangoni kwako, mwitikie salamu na uendelee kuosha vyombo. Mandhari ni wewe.

Kifungua kinywa sina neno nacho. Kwenye kibanda, chai ya maziwa na mandazi mawili ya moto, mafuta yakiloanisha gazeti la juzi. Na ukiwa upande wa Makina, tafuta gurusa za Wanubi. Hapa Ulaya ijipange.

Limebaki la kutoka. Hotelini mgeni huombwa aachie chumba saa nne asubuhi. Tarehe 23 Julai 2018, waliopanga kwenye njia ya barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Langata waliachia vyumba kwa tingatinga. Siku za kawaida taratibu ni nyepesi: kodi tarehe 5. Mimi mwezi mmoja nilifika tarehe 11 sijalipa, nikarudi kutoka kazini nikakuta chumba kiko wazi, sufuria zangu zipo, godoro lipo, mlango haupo. Mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kulala Lindi hata usiku mmoja, aliutuma ung'olewe ukae kwa keateka mpaka nilipe. Ardhi ni ya serikali na hati hana, lakini mlango ulikuwa wake, na risiti yake alikuwa nayo.

Basi karibu. Uje na sufuria tano, na ukiweza, uje na mlango.