Mteja 214

Mpaka mwaka juzi, notisi na mitihani ya shule yetu yote ilikaa kwenye flashi moja. Mwalimu wa taaluma aliivaa shingoni kama rozari, na ukiitaka shurti umbembeleze. Virusi vyake vingetosha wilaya nzima: ukiichomeka, unakuta mitihani ya muhula imegeuka vijifaili vya KB 1, bofya uchoke.

Tukahamia Google Drive. Ikapitishwa karatasi ofisini, kila mmoja aandike barua pepe yake. Yangu nilifunguliwa na kijana aliyeniuzia simu. Siku hiyo alikuwa na foleni, akanisajili kwa jina la "Mteja 214", nami sikuona ubaya. Karatasi ile nilikuja kuiona kantini, imefungiwa vitumbua.

Mambo yakaenda vizuri, ukiacha wiki ile mwalimu wa michezo alipopandisha video zake za UMISSETA, GB 15 zake za bure zikajaa na barua pepe zake zikagoma kuingia. Maazimio ya kazi ya masomo yote tuliyaweka kwenye faili moja. Usiku nilipenda kukitazama kishale cha Madam wa Baiolojia kikikimbia na jina lake kichwani. Mimi nilikuwa natazama tu, siandiki.

Usiku mmoja jedwali lake likanitamanisha, nikataka kuchota. Nikabonyeza "Chagua zote", simu ikaniletea Kata, Nakili, Bandika. Nikabonyeza Kata. Kwa akili yangu ni kama muwa: unakata pingili yako, nyingine zinabaki. Ukurasa ukawa mweupe pe! Nikajua ni mtandao tu, nikazima simu, nikalala.

Asubuhi ofisi ya walimu ilikuwa kama msibani. Wathibiti ubora wanakuja Alhamisi, na maazimio hayapo hata moja. Nililaani kwa sauti kuliko wote. Nadhani ni mimi niliyetaja polisi.

Kijana wa kujitolea anayefundisha Kompyuta akafungua laptopu yake, akaingia kwenye historia ya matoleo, akabofya kurejesha. Dakika haikuisha, kila kitu kikarudi. Tukapiga makofi. Yangu yalikatika nilipoona pembeni mwa kioo, kwa zambarau iliyokoza: Mteja 214, saa 3:47 usiku.

"Huyu Mteja 214 ndiye nani?" mkuu wa shule akauliza.

Mwalimu wa taaluma akaikumbuka karatasi. Nikawahi kumkumbusha habari ya vitumbua.

"Mbona rahisi," kijana akasema. "Kila mwalimu afungue faili kwa simu yake, aandike herufi moja. Jina litajitokeza lenyewe."

Simu zikaanza kutoka mifukoni. Nikasema mimi bando langu limekwisha tangu jana.

"Usijali, mzee wangu," akaniambia, ameinama kwa heshima zote. "Nakuwashia hotspoti."