Mbuzi 23 Chini ya Boneti

Mamangu hahesabu kwa shilingi. Amekulia Garissa, karibu na soko la mifugo, na kwake pesa ni kitu chenye miguu minne kinacholia kikiwa na njaa. Nilipomwambia nimenunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, hakuuliza bei.

"Inakula nini?"

"Petroli, hooyo."

"Kiasi gani?"

Nikameza mate. Nikiendesha kwa adabu, linaridhika. Nikiendesha kama nilivyoota tangu utotoni, lita moja inaisha kwa kilomita saba. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi, na lita inapopita shilingi 180, safari ya kwenda tu inazidi 9,500. Mama anakadiria mbuzi kuwa elfu nane. Alinyamaza akipiga hesabu. "Mbuzi mmoja," akasema, "na kwato za wa pili. Na basi je?" Habari za basi sikutaka kuzizungumza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo nilijaribu kumweleza. Moshi unaotoka kwenye injini badala ya kupotea bure unazungusha kijipanga, kijipanga kinazungusha kingine, na hicho cha pili kinasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikizidi, petroli ikazidi, nguvu inazidi.

"Kwa hiyo linakula moshi wake lenyewe?"

"Ndiyo."

"Na bado linataka petroli?"

"Zaidi, hooyo."

"Kitu hicho kinaitwaje?"

"Tabo."

"Tabu," alirudia, akiridhika. Sikumsahihisha, na hadi leo sijapata sababu ya kumsahihisha.

Jambo ambalo sikumwambia, ingawa nimelifundisha miaka mingi, ni kwamba hewa ya moto ni nyepesi. Gari hili lina kipozahewa juu ya injini, nacho hupata upepo kupitia lile tundu la kwenye boneti. Ukisimama jua la saa saba la Garissa, la nyuzi 38, upepo hakuna, injini inakioka kutoka chini na jua linakioka kutoka juu. Nguvu nilizozinunua hupatikana alfajiri, kati ya adhana na chai. Baada ya hapo naendesha gari la kawaida lenye kelele.

Kelele yenyewe niliinunua kando. Likizo moja nililipeleka gari kwa fundi Nairobi nikamwambia alitengeneze "kidogo". Akatoa silensa ya kiwandani akaweka ekzosi pana kama bomba la maji machafu: mbuzi watatu. Akatoa springi akaweka fupi, gari likalala chini kama ngamia anayepakiwa: mbuzi wanne. Akatoa mkebe wa filta ya hewa, akafunga filta ya wazi yenye umbo la uyoga. Hiyo ilikuwa nusu mbuzi, lakini mama anasema hakuna anayeuza nusu mbuzi aliye hai, kwa hiyo iandikwe mmoja. Akamalizia na saa ya tabo, mbuzi mwingine. Kisha akaniuliza, kwa upole mwingi, hivi vya zamani nibebe?

"Baki navyo," nikasema, nikipunga mkono kama sultani.

Tutarudi kwa sentensi hiyo.

Saa ya tabo ina kazi ya maana. Tabo hupozwa na kulainishwa na oili inayozunguka, na ukizima injini ghafla baada ya mwendo mkali, oili inasimama ndani ya chuma chenye moto mkali na kuungua humo humo. Ile saa huacha injini ingurume dakika mbili baada ya kuchomoa ufunguo, kisha inazima yenyewe. Nairobi hakuna anayejali. Lakini mimi nilikuwa narudi Garissa, usiku, na barabara yetu, kama kila mtu ajuavyo, ina vizuizi.

"Zima gari," afande akasema.

Nikazima. Gari likaendelea.

"Nimesema zima."

"Nimezima, afande."

"Unanichezea?"

Nikatoa mkono dirishani kumwonyesha ufunguo unaoning'inia. Aliutazama ufunguo, akatazama boneti inayotetemeka, akarudi nyuma hatua tatu. Mwenzake akaninyanyulia tochi usoni. Nikaamriwa nishuke, mikono juu, nisogee mbali na gari. Tukasimama sote gizani tukilisikiliza likinguruma bila mtu ndani. Nilianza kueleza habari za oili na joto, lakini nilipofika kwenye mizunguko 100,000 kwa dakika niliona namzidishia wasiwasi. Abiria mmoja wa basi lililosimama nyuma yangu alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Ghafla gari likazima lenyewe, na huo ukimya ukawatisha zaidi. Tulilipekua wote, hata tundu la boneti, na nilifika nyumbani kukikucha.

Tuta la kwanza la mtaani kwetu lilinipokea kwa kupasua sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Mbuzi wawili. Tuta hilo nimelipita miaka kumi kwa gari la marehemu baba bila hata kujua lipo.

Mama alikubali kulipanda mara moja tu. Alisimama kando ya mlango, akalitazama kutoka juu, maana sasa paa lilikuwa usawa wa kifua chake. "Hili tunaingia ama tunavaa?" Tulimsaidia wawili kumwingiza na wanne kumtoa. "Umelipa ili lishuke?" akauliza akijifunga buibui upya. Nikakiri. "Na kulipandisha utalipa?" Nikasema huenda. "Basi ungenipa mimi pesa hizo mara mbili, gari likae lilipokuwa."

Kwa hiyo kwenye harusi ya Balambala nilienda peke yangu, yeye akaenda kwa lori la jamaa, kiti cha mbele. Ile barabara ni vumbi, na vumbi letu ni laini kama unga wa ngano. Uyoga wangu ulikuwa wazi kabisa ndani ya boneti, ukivuta kila kilichokuja. Hapa ndipo ninapojionea haya zaidi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally hapa hapa Kenya kwa Impreza, na gari lake lilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo hadi juu ya paa, mbali na maji na vumbi. Picha ya gari hilo ilikuwa ukutani kwangu nikiwa mvulana. Nililitazama bomba hilo miaka mingi, kisha nikakua, nikasomea fizikia, nikalipa ili hewa yangu ivutwe kutoka chini.

Vumbi likapita pale ambapo mkebe wa kiwandani ungelizuia. Mapanga ya tabo yakalika kama meno ya mzee wa miraa, mlio wa "pshhh" ukageuka kuwa kikohozi, moshi wa buluu ukafunika barabara. Probox iliyojaa magunia ikanipita, ikasimama, ikarudi nyuma.

"Abti, hii si ndiyo ile ya mbio?" kijana akauliza, akitafuta kamba.

Alinivuta hadi mjini kwa mwendo ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuufikia kwenye barabara ile.

Tabo nyingine, iliyotumika Japani, mbuzi sita. Kazi ya fundi na kuisafirisha, wawili. Nilimwomba fundi yule wa Nairobi anitafutie mkebe wa filta, springi na silensa za asili. Akacheka kwa furaha ya kweli. Anavyo, akasema, tena vizuri sana, vya mwalimu fulani wa Garissa. Mbuzi wanne. Kwenye mkebe bado kulikuwa na kibandiko nilichobandika mwenyewe, tarehe ya kubadilisha oili, kwa mwandiko wangu.

Gari sasa liko kama lilivyotoka kiwandani, na limenigharimu mbuzi 23 kulirudisha lilipokuwa. Jumatatu nililiendesha shuleni kimya kimya. Zamani wanafunzi walinisikia tangu darajani, na kila nilipoingia darasani nilikuta watu wanasoma. Safari hii nilisimama mlangoni bila mtu kujua. Kiranja alikuwa juu ya dawati, ameshika usukani wa hewa, akiingurumisha WRX yangu kwa mdomo, na darasa zima likimsaidia kwa "pshhh". Aliponiona alikwama katikati ya gia ya pili na ya tatu, mashavu yamejaa hewa, asijue pa kuitolea.