Kilo za Mtasema

Mbwa akikonda hapa Newala hakuna anayekuuliza. Anaweza kuukatiza mtaa mzima mbavu zikihesabika, watu wakampisha tu, mazungumzo ya bei ya korosho yakaendelea. Ila wewe mwanzishie uji. Mpikie mbwa mzee uji wenye dagaa, asubuhi kweupe, moshi ukionekana, ndipo utakapojua kwamba mtaa wako wote ni wakaguzi wa hesabu.

Mbwa wangu anaitwa Mtasema. Jina alipewa na mama watoto enzi zile tulipokuwa hatupikiki chungu kimoja na majirani wa upande wa kusini, na kila jioni alimwita kwa sauti ya kuvuka uzio. Majirani wenyewe walishahama. Jina limebaki, na sasa linafanya kazi kuliko lilivyotumwa. Umri wake ni miaka 12 hivi. Mbwa wa kienyeji hana cheti cha kuzaliwa, lakini msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kusomba magunia, yeye alikuwa kijana wa kufukuza malori. Siku hizi ikipita baiskeli anafungua jicho moja, akiona mwenye baiskeli anamfahamu analifunga.

Kilichomwangusha ni kupe. Alianza kwa kukataa chakula, kisha homa, kisha fizi zikapauka mpaka ukimfunua mdomo unadhani amekula chaki. Ikabidi nimshushe Masasi kwa daktari wa mifugo.

Kumshusha ndiyo neno lenyewe, maana kutoka kwetu kwenda Masasi unateremka ukingo wa nyanda, unauacha ubaridi na ukungu juu, unakwenda kupokewa na joto na yale majabali. Kondakta alinisimamisha mlangoni.

“Njomba, huyo abiria au mzigo?”

“Mgonjwa.”

“Akikaa chini ni mzigo, akikaa kwenye kiti ni abiria. Akitapika, deki unapiga wewe.”

Nikamlipia mzigo. Bibi mmoja aliyekaa dirishani na kikapu chake cha ming'oko akatutazama kwa zamu, mimi, mbwa, mimi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Unampeleka wapi huyo?”

“Hospitali, bibi.”

“Na kwenu wazima wote?”

Nikasema wazima. Akaguna. Ule mguno ulikaa nami mpaka stendi ya Masasi.

Daktari hakuwa na maneno mengi. Aliuliza kwanza kama mbwa ametoka bondeni, upande wa Ruvuma kwenye mbung'o, kwa sababu ugonjwa wa nagana haubagui ng'ombe na mbwa. Nikamwambia huyu safari yake ndefu ni kutoka jikoni hadi chini ya mkorosho. Akachukua damu, akaitazama kwenye hadubini, akarudi na jibu la kupe. Sindano, vidonge, dawa ya minyoo. Tulipomrudia kwa uchunguzi, homa ilikuwa imeondoka, damu inarudi, ila mbwa mwenyewe amebaki ngozi juu ya mifupa. Hapo daktari akaninyanyulia mikono: “Yangu nimemaliza. Iliyobaki ni kazi ya sufuria.”

Mimi kwa akili yangu nikadhani kazi ya sufuria ni kujaza sufuria. Bahati nzuri daktari alinisoma usoni kabla sijafika nyumbani. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, akasema, ukiufurikishia chakula kwa pupa, chumvichumvi za kwenye damu zinavurugika, na moyo unaweza kusimama mnyama akiwa ameshiba. Kwa hiyo unaanza na robo ya mahitaji yake, unapandisha siku hadi siku, na unagawa milo mitatu au minne midogo.

Akapiga hesabu nyuma ya boksi la dawa. Mbwa wa kilo 11 asiyefanya lolote zaidi ya kupumua anahitaji kama kalori 420 kwa siku. Yai moja lina kalori kama 70. Robo ya kuanzia, basi, ni yai moja na nusu kutwa nzima, tena kwa vipande. Nilimuuliza na mimi mwenyewe nahitaji mayai mangapi, akacheka, hakunijibu. Nadhani alikuwa ameshaona viatu vyangu.

Zile kilo 11 nazo zina historia. Hatuna mzani wa mbwa, tuna mzani wa korosho. Nilimpeleka chama chetu cha msingi siku ambayo hakuna foleni, tukamtia kwenye gunia kichwa nje, tukamtundika. Karani akavaa miwani kabisa.

“Daraja gani huyu?”

“La kwanza.”

“Kwa mbavu hizi? La pili. Na unyevu umezidi.”

Kuhusu unyevu alisema kweli, gunia lilikuwa limelowa. Wakulima wawili waliokuwa kivulini wakataka kujua kama uzito wa gunia umekatwa, maana kwao hiyo ndiyo dhuluma ya kuchunguza kabla ya nyingine zote. Ukakatwa. Kilo 11 kamili, kwa mbwa ambaye enzi zake alikuwa na 16.

Sasa njoo uone ulaji wenyewe. Mbwa mzee akikonda, usikimbilie chungu, fungua mdomo kwanza. Mtasema ana meno ya kuhesabu, na mawili ya nyuma yalikuwa yameoza, yaling'olewa Masasi palepale. Ugali mgumu kwake ni jiwe. Kwa hiyo unachemshwa uji mzito wa mtama, dagaa wameshachemshwa pembeni na maji yao ya chumvi kumwagwa, wanapondwa, yai linavurugiwa humo, na kijiko kidogo cha mafuta. Kitunguu marufuku, cha maji na saumu, kwa sababu huvunja chembe nyekundu za damu, na huyu damu yenyewe ndiyo kwanza anaitafuta. Unapima joto kwa kidole. Uji uliopoa hauna harufu, na mbwa mzee anakula kwa pua kabla ya ulimi.

Bakuli nimelipandisha juu ya matofali mawili asiinamishe shingo. Anakuja taratibu, miguu ya nyuma inatetemeka, anasimama, ananusa ukingo wote kama karani anayetafuta pa kusaini. Analamba mara mbili, anainua kichwa, anahema, ananitazama. Kisha anaanza kuchagua dagaa mmoja mmoja, uji anausukuma pembeni kwa pua. Mimi nimechuchumaa hapo na mwiko, namsihi. Niliwalea watoto, wote walikula bila kusihiwa.

Na hapo ndipo washauri wanapoingia, kwa sababu uzio wetu ni wa mabua.

Wa kwanza alikuja na korosho zilizovunjika, kiganja kizima. “Mpe hizi, ndizo mafuta yenyewe, wiki moja atakuwa ndama.” Nikamweleza kwamba korosho kwa mbwa si sumu, ila mafuta mengi kwa ghafla kwenye tumbo dhaifu huchokoza kongosho, na kongosho likiwaka unarudi Masasi. Akanitazama. “Yaani korosho ya Newala imwangushe mbwa wa Newala?” Aliondoka amechukia kwa niaba ya zao zima. Korosho sikuzirudisha, nilizila mwenyewe. Kongosho langu zima.

Wa pili akaleta mifupa ya kuku aliyokwisha kuila yeye. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo, nikaikataa kwa adabu. Wa tatu akashauri uraka, eti maji ya mabibo yaliyochacha huamsha hamu ya kula. Kwake yeye huamsha, nakubali, nimemwona. Pombe kwa mbwa ni sumu, nikamwambia, na hamu ya kula ya Mtasema inatosha kuamshwa na dagaa.

Shangazi yangu yeye hakuja na chakula, alikuja na sheria. Ni mcha Mungu, na hana ugomvi na Mtasema maadamu wanapeana nafasi. Akanikumbusha kwamba chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikamwambia shangazi, udongo tunao. Nyanda hii ni mchanga mtupu, mvua inanyesha inazama, ndiyo sababu mto huku juu hakuna. Hayo maji ndiyo hesabu. Ya bomba hupandishwa kwa pampu toka Mitema, upande wa Kitangari, na ya mvua tunayakinga bati hadi kisima cha uani na kuyalinda mpaka masika mengine. Vyombo vikichanganyika mara moja tu, mara saba zile ni ndoo nzima. Kwa hiyo Mtasema amepewa bakuli lake, mwiko wake, na sufuria yake isiyo na mkono. Ukiondoa mimi na mama watoto, ndiye mwanafamilia pekee mwenye vyombo kamili.

Maji yenyewe anakunywa. Daktari alisema nichunguze sana hilo, maana mbwa mzee akianza kunywa na kukojoa kupita kiasi huku anakonda, huenda figo zinachoka. Hivyo mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nafuatana na mbwa uani nikipima mkojo kwa macho. Jirani aliniona akaniuliza nimepoteza nini.

Juni na Julai zilikuwa na kero yake. Ukungu wa huku unaingia mpaka chini ya mlango, na mnyama asiye na mafuta mwilini huchoma chakula chake kutafuta joto, kwa hiyo dagaa wako wote wanaishia kwenye kutetemeka. Nikamtandikia magunia karibu na jiko. Mama watoto akauliza kama na yeye akilala karibu na jiko atapata yai.

Haya yote nayavumilia. Linaloniuma ni la yule mzee wa nyumba ya tatu, ambaye kila akipita husimama, hushika mgongo, husema: “Mwanangu, si muda wake umefika? Muache apumzike. Dagaa hao si wa kumpa mbwa.”

Yeye wa kusema hivyo! Mtu yeyote wa nyanda hii anajua kwamba panya wa porini kwetu ni kitoweo, mambo ya kuona kinyaa waachieni wageni. Na anajua panya hachimbwi kwa jembe tupu. Vijana wanachimba tundu la mbele, panya ana matundu ya nyuma, na bila mbwa wa kukaa pale nyuma na kujua lipi lenye pumzi, mtarudi na jembe lenu. Mtasema alikuwa fundi wa tundu la nyuma. Alinusa, akakaa, akanyamaza. Hakubweka hovyo. Msimu wa mashamba makavu walikuja kumuazima kwa zamu, “njomba, tupe Mtasema kidogo,” na jioni mishikaki ya panya ikafuka moshi kila ua. Huyo mzee wa nyumba ya tatu alikuwa akitengewa wanene. Mtasema alipewa vichwa na matumbo, akashukuru kwa mkia.

Miaka yote hiyo hakuna aliyepiga hesabu ya mbwa ametoa nini. Wamesubiri azeeke, ang'oke meno, ndipo kila mtu ajue bei ya dagaa kwa kipimo. Na nikitazama vizuri si kwa mbwa tu. Mkorosho ukizeeka unaambiwa ukatwe na watu wale wale waliousomeshea watoto. Punda wa maji akichechemea, watu wanaanza kuuliza ngozi. Mimi sina hotuba, nina uji unaoelekea kuungua, lakini naona hao wanaosema “muda wake umefika” wana matumbo yaliyojaa muda wake.

Juzi tumerudi kwenye mzani. Karani, miwani, gunia. Kilo 14. Daktari alinifundisha kwamba lengo si unene, lengo ni mbavu zipatikane kwa kidole lakini zisionekane kwa jicho, na mbwa mzee akinenepa kupita hapo viungo ndivyo vinavyolipa. Kwa hiyo bado kilo moja, labda moja na nusu, basi. Karani akampandisha daraja. Unyevu safari hii ulikuwa wa kawaida.

Jioni ile ile mtoto wa nyumba ya tatu akabisha hodi na kifurushi cha jani la mgomba. “Shikamoo baba. Babu kasema hiki cha Mtasema.” Ndani, panya wawili waliokaushwa vizuri kwa moshi, wanene, wale wale wa kutengewa. Nikasema mwambie babu ahsante sana, na nilimaanisha.

Sasa, panya wale walikuwa wamekaushwa kwa chumvi, na mifupa yao ilikuwa mikavu yenye ncha. Chumvi na mifupa ya ncha, vyote viwili daktari wa Masasi alivikataza. Mama watoto akanitazama, nami nikamtazama. Maagizo ya daktari ni maagizo ya daktari. Yeye alichukua wa kushoto.