Heko, X Nyekundu

Majemadari wamesifiwa, warembo wamesifiwa, hata mnazi umepata wa kuusifu. X nyekundu, ile inayochorwa kwenye ukuta wa nyumba iliyoikaribia mno barabara kuu ili ibomolewe, haijapata hata ubeti mmoja. Leo tuilipe deni lake.

Kwanza, ina nasaba ya heshima. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ikawatoa watu mabondeni na kwenye mashamba yao ya mbali, ikawapanga kwa mistari. Vijiji vingi viliwekwa kando ya barabara ili huduma zifike na mazao yatoke. Watu wakatii, wakajenga, wakazaa, na baadhi ya vijiji hivyo leo vinaitwa miji midogo. Kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikapanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Mzee aliyelala nje ya hifadhi akaamka yumo ndani, bila kusogeza hata kigoda.

Wa namna yake walipewa X ya kijani, yenye ahadi ya fidia siku eneo lao litakapohitajika. Nyekundu ikawa ya waliokutwa ndani ya zile mita 22.5, wasioahidiwa kitu. Hapo ndipo likavuma swali letu maarufu: wewe umeifuata barabara, au barabara imekufuata? Ni swali zuri, ila limemsahau mtu mmoja tu, yule aliyepelekwa kwenye barabara kwa lori la serikali.

Sasa tuzihesabu fadhila zake. X hulinda mfuko wa mwenye nyumba. Ikishachorwa, nani tena atanunua rangi, apige lipu au abadilishe bati linalovuja? Hulinda undugu pia: mirathi ya nyumba yenye X haijawahi kuwatoa watu ngumi, kila mrithi humsukumia mwenzake kwa upendo. Hufukuza madeni, kwa kuwa hakuna mkopeshaji mwenye akili timamu atakayeipokea iwe dhamana. Mwalimu mgeni akihamia mjini, hupata chumba cha bei nafuu, mradi asiulize mkataba ni wa muda gani.

Juu ya hayo, X ni mwalimu wa subira. Huchorwa asubuhi moja na vijana wenye kopo na brashi, kisha tingatinga halionekani kwa miaka. Mtoto huzaliwa chini yake, huenda shule, huoa. Herufi hii haimo katika abjadi ya Kiswahili, lakini ndiyo anayoijua kabla ya A. Mwaka 2022, serikali ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi, nyumba kama hizo nazo ziliweza kupata namba. Mkono mmoja ukaandika ondoka, mwingine ukaandika tunajua unapokaa.

Wenye husuda huuliza kwa nini watu wanang'ang'ania barabara kuu. Nendeni Ilula, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, mkaone nyanya na vitunguu vikisubiri magari. Basi halisimami mtaa wa nyuma. Katika miji midogo mingi mtaa huo hauna barabara, una korongo lililokuwa barabara kabla ya masika. Mji wenye njia moja ya lami hurefuka kama mkia: kilomita kadhaa kwa urefu, nyumba mbili tatu kwa upana. Kila mwenye sufuria ya chai hutaka kuukanyaga mkia huo. X basi haina kosa lolote. Inatia sahihi tu kwenye mji uliokwisha kuchorwa na barabara yake.

Hata hivyo, mpenzi wa kweli humtakia mpenzi wake mapumziko. X itastaafu siku ambayo vigingi vya hifadhi vitasimikwa kabla ya msingi kuchimbwa, mitaa ya nyuma itapata barabara zinazopitika masika na kiangazi pamoja na stendi, na aliyeletwa kando ya barabara kwa amri atalipwa kabla ya kuondolewa kwa amri nyingine.

Hadi siku hiyo, ndugu msomaji unayetaka kujenga karibu na lami, usimwamini muuza kiwanja anayepima kwa hatua za miguu. Chukua futi kamba, anza katikati ya barabara, hesabu mita 30, kisha uende ofisi ya ardhi ukaulize kama eneo lako halina hifadhi kubwa zaidi ya hiyo. Rangi nyekundu ni ya bure, nyumba si ya bure.