Hotuba ya Mtaalamu wa Bima kwenye Mahafali ya Madereva Wapya

Ndugu mwenyekiti, umesema itifaki imezingatiwa. Haijazingatiwa. Umenitambulisha kama "mzee wetu mmoja aliyekubali kutusitiri, maana mgeni rasmi amepata udhuru." Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Masuala ya Bima, Usafiri na Uongozi. Vyeo hivyo vimechapishwa kwenye kadi zangu kwa wino wa dhahabu, na mchapaji hakuniuliza swali hata moja. Naomba utambulisho urudiwe. Nasubiri.

Ahsante. Makofi yangependeza zaidi kama yangeanzia viti vya mbele, lakini tuendelee.

Vijana wangu, mada nimepewa pale kantini nikiwa katikati ya supu: kwa nini bima ya gari ni ghali kwa dereva kijana. Mtu wa kawaida angeomba muda akajiandae. Mimi jibu nilikuwa nalo kabla ya chapati ya pili. Na msidharau kantini. Bima hii ya Waingereza tuliyoirithi ilikulia mgahawani. Edward Lloyd alifungua mgahawa wake wa kahawa pale London miaka ya 1680, wenye meli na mabaharia wakawa wanakutana humo, wakaanza kubebeana hatari za safari za baharini. Leo jina lake liko kwenye soko la bima linalojulikana dunia nzima. Mimi nami nimewajia kutoka kantini. Sitaki kulinganisha, nawaachia wanahistoria.

Kwa nini nisikilizwe mimi? Kwa sababu nimefika Uingereza. Nilikaa Leicester kwa binamu yangu msimu mzima wa baridi, na msomi hahitaji zaidi ya hapo. Kule, bima imekuwa lazima kwa kila gari tangu sheria ya mwaka 1930, na bei yake inamwangalia dereva usoni kabla haijaangalia gari. Mtoto wa miaka 17 aliyepata leseni jana anaweza kutajiwa bima inayozidi thamani ya kigari chenyewe. Wanauliza unalala mtaa gani, unafanya kazi gani, unakwenda maili ngapi kwa mwaka. Halafu wanakwambia, ukitaka nafuu tukufungie kisanduku. Kisanduku hicho hukaa ndani ya gari kikaripoti kwa kampuni umekimbiaje, umeshikaje breki, usiku wa manane ulikuwa barabarani unafuata nini.

Binamu aliniomba nisiliguse gari la mwanawe kwa sababu ya kisanduku hicho. Nililigusa kidogo. Bei ya kijana ikapanda. Hapo ndipo nilipogundua, kwa njia ya utafiti, kwamba vijana ni hatari.

Siku nyingine polisi wa kule walinisimamisha nikiwa na gari hilohilo, wakataka kujua jina langu liko wapi kwenye bima ile. Niliwapa kadi yangu. Hawakuipokea. Adhabu yake ni pauni 300 na alama 6 kwenye leseni, na dereva mpya akifikisha alama 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo, leseni yake inafutwa. Mimi si dereva mpya, nina uzoefu, kwa hiyo zililipwa pauni 300 tu. Alilipa binamu. Mimi nilikuwa na mihadhara.

Kuna suala la wanawake pia. Zamani wasichana wa Ulaya walilipa bima nafuu kuliko wavulana, kwa kuwa ajali za wavulana zilikuwa nyingi na za gharama. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema bei isipangwe kwa jinsia, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 ikawa hivyo. Mimi nililiona hilo likija. Nilimwambia kinyozi wangu kabisa, ila hakuandika popote, ndiyo maana jina langu halimo kwenye hukumu.

Naona mkono. Binti wa skafu ya njano, maswali ni mwishoni. Si swali? Ni taarifa? Haya, toa taarifa yako, kwa ufupi.

Anasema hapa Tanzania bima ndogo haiulizi umri. Ana miaka 22, kigari chake amekikatia bima mwenyewe, na risiti anayo kwenye simu: bima 100,000, VAT 18,000, jumla 118,000. Anasema baba yake ana miaka 60 na amelipa 118,000 ileile. Na kwa bima kubwa, anasema, kiwango cha chini cha gari binafsi kinakwenda kwa thamani ya gari, asilimia 3.5, awe anaendesha kijana au babu.

Mwanangu, ahsante kwa mchango wako. Umepigwa.

Ndiyo, umepigwa. Hiyo 118,000 ni bei ya watu wasiojuana na watu. Mimi nalipa 40,000. Nina mtu wangu pale stendi, mwaminifu, hana ofisi kwa sababu ofisi huongeza gharama. Unamtajia namba ya gari, anakwenda nyuma ya kibanda cha chipsi, anarudi na stika yenye muhuri, wino haujakauka. Ninyi mnaambiwa siku hizi stika iko kwenye mfumo, iko kwenye simu. Yangu iko kwenye kioo cha mbele, kila mtu anaiona. Na inanifanyia kazi zote. Nikigonga, inamlipa niliyemgonga, inatengeneza na gari langu.

Nani kacheka?

Kijana, simama. Unasema bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, na gari lako mwenyewe hairudishi hata taa ya nyuma? Mwalimu wenu amewafundisha hivyo? Mwalimu, tutaongea pembeni. Mimi tangu nianze kutumia stika za pale stendi sijawahi kunyimwa fidia. Sijawahi kuiomba, ni kweli, lakini sijanyimwa.

Turudi kwenye bima kubwa, maana hapo ndipo utaalamu unapoonekana. Chukulia IST yenye thamani ya shilingi milioni 12. Asilimia tatu na nusu ya milioni 12 ni laki tatu na nusu. Hesabu iko wazi, hata tatu na nusu zenyewe zinafanana. Kijana yule yule anasema ni 420,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 495,600. Sawa. Wewe una kalkuleta, mimi nina busara. Tofauti iliyopo hapo katikati ndiyo ada ya ushauri.

Katika siku zangu za bima kubwa, vijana, niliitumia ipasavyo. Kila mwaka nilidai. Mwaka mmoja niligonga geti la ofisi ya kata nikirudi nyuma, mwingine nikaingia kwenye meza ya mama wa maandazi, na kote huko nilikuwa kwenye simu nikimshauri mtu kuhusu usalama barabarani. Wenzangu walilipa miaka nenda rudi bila kudai senti, wakifurahia kitu kinachoitwa punguzo la kutodai. Mimi sikupewa punguzo hilo hata mara moja. Wivu. Mwishowe kampuni ikaniandikia barua ya heshima sana ikinitakia kila la heri kwa kampuni nyingine. Ndipo nikampata mtu wangu wa stendi.

Sasa niwape siri ambayo mtaalamu wa kawaida angewatoza. Kule Uingereza kuna mbinu. Gari ni la mtoto, anaendesha mtoto, lakini mzazi anaiambia kampuni kwamba dereva mkuu ni yeye. Bei inashuka. Waingereza wanaiita udanganyifu, na wakikubaini bima inafutwa na fidia huoni. Hiyo ni roho ya ukoloni. Mimi nikaileta mbinu hiyo nyumbani. Mpwa wangu alipata gari, tukakata bima kubwa kwa jina langu, kwa dalali wa kweli kabisa, na pale kwenye fomu panapouliza nani ataendesha nikaandika: mimi peke yangu. Mpwa akaingia kwenye nguzo ya taa pale Kimara. Kampuni ikauliza aliyekuwa kwenye usukani ni nani. Nikasema ni mimi. Wakauliza mbona aliyelazwa ni mwingine.

Hawakulipa. Walisema mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli, ukificha jambo la msingi umeuvunja mwenyewe. Mpwa wangu sasa anapanda mwendokasi na amepata unyenyekevu ambao hamna chuo kinafundisha.

Binti wa skafu, mkono tena? Anauliza: kama bei ya hapa haiangalii umri, kumwandika mjomba badala ya mpwa kuliokoa shilingi ngapi?

Mwanangu, utaalamu haupimwi kwa shilingi.

Shusha mkono. Nimeshajibu.

Huyu mwingine anataka kusoma kitu. Soma, lakini taratibu, wakubwa tupo. Anasoma karatasi ya bima yake kubwa, sehemu ya ekses. Hapo niwasaidie: ekses ni zawadi ambayo kampuni humpa mteja mpya kama makaribisho. Anasema hapana, ni kile kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na kwenye karatasi yake dereva mwenye umri mdogo au leseni changa ameongezewa. Anasema kwa hapa kwetu kijana anaweza asiuone ughali siku ya kukata bima, akauona siku ya ajali, gari likiwa gereji na fundi anasubiri hela ya bampa. Anasema wengi husaini bila kufika ukurasa huo, na yeye alifika kwa sababu alimuuliza wakala. Kumbe ukiuliza unaambiwa.

Sikutaka kulisema hilo mapema ili nione kama kuna atakayelifikia. Amelifikia. Nampongeza kwa kufikiri kama mimi.

Kosa la vijana, na hili nalisema kwa uchungu, ni kuamini karatasi kuliko watu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kusoma mkataba. Nasoma sura ya anayenipa. Mtu wangu wa stendi ana sura ya upole. Kuna wanaomwita kishoka. Ni wale wale wanaolipa 118,000.

Nani anasoma namba ya gari langu kwa sauti? Ndiyo, lile Mark II namba A, lililoegeshwa mbele ya mlango wa dharura. Hilo ndilo. Mnaiingiza kwenye mfumo wa TIRA? Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina kazi nyingi, msiisumbue kwa mambo madogo. Sheria yenyewe iko wazi tangu zamani, Sura ya 169, gari lisitembee barabarani bila bima, na mimi stika ninayo, mnaiona kutoka hapo mlipokaa.

Mfumo unasemaje? Gari halina bima hai.

Mtandao unasumbua leo. Jaribu tena.

Halina. Basi huyo mfumo haumjui mtu wangu, na yeye hajatangaza kazi zake, ni mtu wa staha. Nitampigia sasa hivi mbele yenu. Namba haipatikani. Mnaona? Ana wateja wengi.

Ndugu mwenyekiti, naona unaniletea kikaratasi. Kama ni bahasha ya nauli, ilikuwa iwe nene zaidi. Ni taarifa? Trafiki wawili wamesimama getini na wanakagua bima ya kila gari linalotoka, kwa simu.

Vijana wangu, nilikuwa na sehemu ya pili ya hotuba, kuhusu uongozi, na ya tatu, kuhusu safari yangu ya Leicester kwa kina. Muda hautoshi. Mengine mmeyasema wenyewe kwa maneno yangu, hasa yule wa ekses. Gari langu litalala hapa leo kwa ajili ya heshima ya chuo. Mlinzi asiliguse. Na asiibandue ile stika, naipenda.

Binti wa skafu ya njano, ngoja kidogo usiondoke. Bima yako inaisha lini? Machi? Safi sana. Mimi naelekea Kimara. Nitakaa mbele, ili nikuelekeze.